George Lilanga: Mlinzi Aliyewafanya Mashetani Wacheke

Kila inapofika Desemba, jarida letu la Uhuru huwa na kurasa za mtu mmoja wa nyumbani ambaye tungependa watoto wetu wamjue. Tumezoea kuwasimulia habari za Mwalimu Nyerere, Mzee Karume na Bibi Titi Mohamed. Mwaka huu tumemchagua mtu ambaye hakuongoza chama, hakushika wizara na hakuhutubia mkutano wa hadhara. Aliishi kwa patasi na brashi. Jina lake ni George Lilanga, mchongaji na mchoraji, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005.

Tuna sababu mbili za kumchagua. Ya kwanza ni kwamba wengi wetu tulioingia Virginia tulianzia kazi za chini: ulinzi, maegesho ya magari, usafi wa mahoteli, kutunza wazee wa watu. Wapo ambao hadi leo huvaa sare ya ulinzi saa nne usiku, watoto wakiwa wanalala. Lilanga naye alikuwa mlinzi wakati sanaa yake ilipoanza kujulikana, na tutaeleza ilivyokuwa. Ya pili ni kwamba kazi za Lilanga zilifika Washington mwaka 1978, kabla familia nyingi za jumuiya hii hazijakanyaga uwanja wa ndege wa Dulles. Kwa maneno mengine, mzee huyu alitutangulia hapa, na sisi tumekuja nyuma yake bila kujua.

Mtoto wa Masasi

Lilanga alizaliwa upande wa Masasi, kusini mwa nchi ambayo wakati huo iliitwa Tanganyika na ilikuwa chini ya Waingereza. Jina lake kamili lilikuwa George Lilanga di Nyama. Alikuwa Mmakonde. Watoto waliozaliwa huku wajue kwamba Wamakonde wako pande zote mbili za Mto Ruvuma, Tanzania na Msumbiji. Mpaka ule uliwekwa na Wajerumani na Wareno; watu wenyewe walikuwa wakivuka mto kwa mitumbwi kwenda kuoa, kulima na kuzika kama kawaida. Ukoo wao hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika maisha ya mtoto.

Kwa Wamakonde uchongaji haukuanza kama biashara. Ulikuwa kazi ya jamii. Walichongwa vinyago vya kuvaliwa kichwani katika ngoma ya mapiko, hasa nyakati za jando na unyago, wakati watoto wanatolewa na kuhesabiwa kuwa watu wazima. Vinyago hivyo vilikuwa na chale za usoni na ndonya, yaani kile kipande cha mti kilichovaliwa na wanawake kwenye mdomo wa juu. Aliyevaa kinyago alicheza, akatania, akatisha watoto, akawachekesha wazee. Kicheko na hofu vilikwenda pamoja. Tukumbuke jambo hilo, maana tutalirudia tukifika kwenye mashetani.

Lilanga alianza kuchonga akiwa mtoto, na alianzia kwenye mihogo. Wazazi wanaokumbuka vijijini hawatashangaa. Muhogo ni laini, haugharimu kitu, na ukiharibika unapikwa. Kutoka kwenye mihogo akahamia kwenye miti laini, na mkono ulipokomaa akaingia kwenye mpingo.

Mpingo si mti wa kuchezea. Kwa nje una tabaka jeupe, na ndani una kiini cheusi kigumu kama chuma. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Mchongaji huanza na tezo ya kukatia vipande vikubwa, halafu patasi na nyundo, halafu tupa, na mwisho msasa mpaka ung'ae. Ukikata pasipotakiwa, huwezi kurudisha. Kwa sababu hiyo mchongaji wa mpingo hujifunza kwanza kutazama gogo na kuona limejificha nini, kabla hajaligusa. Lilanga aliubeba uzoefu huo maisha yake yote, hata pale alipoacha patasi na kushika brashi.

Uhuru unapofika

Bendera ya Tanganyika ilipopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, Lilanga alikuwa kijana wa miaka 27 hivi. Mwaka uliofuata, nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Hoja yake ilikuwa kwamba wakoloni walikuwa wamewafundisha Waafrika kuona aibu juu ya ngoma zao, nyimbo zao na sanaa zao, na kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu usio na roho. Kwa wachongaji wa kusini habari hii ilikuwa na maana kubwa. Kazi ambayo jana iliitwa ya kishenzi leo ilipewa nafasi serikalini.

Wakati huohuo sanaa yenyewe ya Kimakonde ilikuwa ikibadilika. Wachongaji wengi walikuwa wamevuka Ruvuma kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na baadhi wakaishia Dar es Salaam. Pale mjini alikuwapo mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, aliyewanunulia kazi zao na kuwahimiza watengeneze vitu vyao wenyewe badala ya kurudia sanamu zilezile za watalii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mchongaji aliyeitwa Samaki Likankoa akaanza kuchonga viumbe vya ajabu visivyofanana na mtu wala mnyama, na hapo ndipo ulipozaliwa mtindo uitwao shetani. Mwingine, Roberto Yakobo, alijulikana kwa mtindo wa watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine, ambao baadaye ulikuja kuitwa ujamaa. Kisha mwaka 1964 vita vya ukombozi vikaanza Msumbiji, na maelfu ya wakimbizi wakavuka mto kuingia Mtwara na Ruvuma, miongoni mwao wakiwamo wachongaji.

Kwa hiyo Lilanga alikulia katika jamii iliyokuwa inabuni upya sanaa yake. Alichofanya baadaye hakikutokea hewani. Alipokea mtindo wa shetani kutoka kwa waliomtangulia, akaupeleka mahali ambapo hawakuwa wameufikisha.

Mlinzi wa Nyumba ya Sanaa

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga alihamia Dar es Salaam kutafuta maisha, kama wanavyofanya vijana wa mikoa ya kusini hadi leo. Alikuwa na ndugu yake mjini, Augustino Malaba, ambaye naye alikuwa mchongaji. Ndivyo ilivyo kwetu: mtu hafiki mjini peke yake, hufikia kwa ndugu. Wasomaji waliolala kwenye kochi la binamu yao kule Alexandria miezi sita ya kwanza wanaelewa.

Malaba alikuwa karibu na mahali palipoitwa Nyumba ya Sanaa. Palianzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, Mmarekani wa shirika la watawa wa Maryknoll, pamoja na vijana wa Kitanzania waliokuwa na vipaji lakini hawana pa kufanyia kazi. Vijana walipewa karakana, vifaa na mahali pa kuuzia. Kwa msaada wa Malaba, Lilanga akapata kazi pale. Hakuajiriwa kama msanii. Aliajiriwa kama mlinzi.

Hebu tufikirie maana yake. Mtu aliyechonga tangu utoto, anayeujua mpingo ndani na nje, anakaa mlangoni akilinda kazi za wenzake. Wengine wangenung'unika, wengine wangekata tamaa na kurudi kijijini. Lilanga alitazama. Aliona jinsi batiki inavyotengenezwa kwa nta na rangi, jinsi ngozi ya mbuzi inavyowambwa na kuchorwa, jinsi mchoro unavyochimbwa kwa asidi juu ya bamba la madini na kupigwa chapa kwenye karatasi. Na alikuwa na mikono. Haikuchukua muda mrefu watu wa pale wakagundua kwamba mlinzi wao ni fundi kuliko wengi waliokuwa wakilindwa. Akatoka mlangoni akaingia karakanani.

Hapo ndipo Lilanga alipofunguka. Vile viumbe alivyokuwa akivitoa ndani ya mpingo, sasa alivichora kwenye karatasi, kwenye batiki, kwenye ngozi ya mbuzi. Alivikata kwenye bati na chuma. Baadaye alivichora kwa rangi ya mafuta, ile tunayopakia milango na baiskeli, juu ya silingibodi, na mwishoni juu ya turubai kubwa. Aliendelea pia kuchonga, lakini alianza kutumia miti laini na kuipaka rangi kali: nyekundu, njano, buluu, kijani. Kwa mchongaji wa Kimakonde jambo hilo lilikuwa la ujasiri, kwa sababu fahari ya mpingo ni weusi wake, na wengi waliona kuupaka mti rangi ni kuuharibu.

Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alifungua jengo jipya la Nyumba ya Sanaa katikati ya Dar es Salaam. Wazazi waliosoma au kufanya kazi mjini miaka ile watakumbuka kuingia pale Jumamosi, wakawakuta wasanii wameinama juu ya kazi zao na wageni wamesimama pembeni wakitazama. Kwa watoto wa hapa tunaweza kueleza hivi: ni kama Torpedo Factory pale chini ya King Street, kiwanda cha silaha za majini kilichogeuzwa kuwa karakana za wasanii mwaka 1974, ambapo unaweza kuingia na kumwona mtu akifinyanga au akichora mbele yako. Dar es Salaam ilikuwa na yake miaka miwili kabla ya Alexandria.

Mashetani gani hawa?

Sasa tuseme wazi jambo ambalo baadhi ya wazazi katika jumuiya yetu hulisema kwa sauti ya chini. Wapo wasiotaka picha hizi nyumbani kwao. Wanasema: sisi ni Wakristo, sisi ni Waislamu, mashetani sebuleni ya nini? Ni swali la haki, na linastahili jibu badala ya kicheko.

Neno shetani lilikuja kwetu pamoja na dini, lakini katika vinyago vya Kimakonde lilitumiwa kuitia viumbe ambavyo vilikuwapo katika masimulizi kabla ya hapo: vya porini, vya mtoni, vya usiku. Baadhi ni wabaya, baadhi ni wasumbufu tu, na wengine husaidia watu. Ni karibu zaidi na mazimwi ya hadithi za bibi kuliko Ibilisi wa vitabu vitakatifu. Bibi alipotusimulia habari za zimwi lililomeza kijiji, hakuwa anatufundisha kuliabudu. Alikuwa anatufundisha kuhusu uroho.

Na Lilanga alikwenda mbali zaidi. Tazama picha yake yoyote. Viumbe vyake vina masikio makubwa yaliyosimama, midomo iliyovimba, matumbo yaliyotokeza, vidole viwili au vitatu kwenye mkono na mguu. Lakini wamevaa nini? Wamevaa nguo za maua na madoa kama watu wanaokwenda sokoni. Wanafanya nini? Wanacheza ngoma, wanabeba mizigo, wanapika, wanagombana, wanamwuguza mgonjwa, wananong'onezana habari za jirani. Masikio yale makubwa ni ya watu wanaosikiliza yasiyowahusu, na matumbo yale ni ya watu waliokula vizuri au wanaotaka waonekane wamekula. Ukitazama kwa dakika mbili unaanza kuwatambua. Huyu ni yule shangazi mwenye maneno. Huyu ni yule bwana anayefika kwenye kila sherehe kabla chakula hakijaiva. Lilanga alimchukua shetani aliyetisha, akamvisha shati, akamweka kwenye foleni pamoja nasi. Hapo hofu ikageuka kicheko, kama ilivyokuwa katika mapiko.

Jambo lingine ambalo wazazi watalipenda ni hili: Lilanga aliandika kwa Kiswahili. Mara nyingi picha zake zina maneno, na majina ya kazi zake ni sentensi nzima za Kiswahili cha kila siku, za masihi, za maonyo, za masengenyo ya kijiweni. Mtalii wa Paris anaona rangi. Hawezi kusikia mazungumzo. Mtoto wa Alexandria anayejua Kiswahili cha mama yake anaweza kusoma utani ambao profesa wa sanaa anahitaji kutafsiriwa. Tunapobishana na watoto kila wikiendi kwamba Kiswahili kina faida gani huku Marekani, hii ni faida moja iliyo mbele ya macho.

Tuondoe pia mkanganyiko mmoja. Wengi wakiona picha ya Lilanga husema ni tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu mwingine, kutoka Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Yeye na wanafunzi wake walijulikana zaidi kwa wanyama na ndege, chui, tembo na korongo, wenye mistari iliyokolea. Wote wawili walitumia rangi ya mafuta na silingibodi, na wote wawili walitoka kusini, kwa hiyo kufanana kidogo si ajabu. Lakini Lilanga alitokea kwenye uchongaji. Ukitazama picha zake utaona miili imebanana na kupandana, mkono wa huyu ukiingia chini ya mguu wa yule, nafasi yote imejaa. Huo ni mpingo wa Kimakonde uliolazwa juu ya ubao.

Kutoka Dar es Salaam hadi Washington

Mwaka 1978 kazi za Lilanga zililetwa Washington katika maonesho ya wasanii wa Kiafrika, na sehemu kubwa ya vilivyooneshwa ilikuwa yake. Wakati huo makumbusho ya sanaa ya Afrika ya mji huu bado yalikuwa katika nyumba za zamani huko Capitol Hill, moja wapo ikiwa ile aliyowahi kuishi Frederick Douglass. Yalianzishwa mwaka 1964, yakaingia chini ya Smithsonian mwaka 1979, na yakahamia uwanja wa National Mall mwaka 1987. Tunataja hayo ili tuone kwamba Wamarekani wenyewe walikuwa ndiyo kwanza wanajenga mahali pa kuiweka sanaa ya Afrika, wakati aliyekuwa mlinzi wa Dar es Salaam tayari ana kazi katika mji wao.

Baada ya hapo jina lake likasafiri. Kazi zake zikaoneshwa Ulaya, Japani, India na kwingineko. Wahakiki wa sanaa wamezoea kumtaja pamoja na Keith Haring, kijana wa Kimarekani aliyekuja kuwa maarufu New York miaka ya 1980 kwa vibonzo vyake vinavyocheza, vilivyobanana na vyenye mistari minene. Ukiziweka kazi za wawili hao pamoja huhitaji kuambiwa kwa nini.

Jean Pigozzi, mkusanyaji tajiri wa sanaa ya kisasa ya Afrika, alinunua kazi zake kwa ajili ya mkusanyiko wake, ambao ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Kazi za Lilanga ziliingia pia katika maonesho makubwa yaliyoitwa Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004, yakaenda London na Paris mwaka 2005, kisha Tokyo. Wasanii wengi wa Ulaya hufa bila kufikishwa katika kumbi hizo.

Na nyumbani je? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lilanga alicheza kwao, lakini waliomtunza zaidi walikuwa wa mbali. Hatusemi hayo kumlaumu mtu. Tunasema kwa sababu kazi zake nyingi ziliondoka nchini, na leo mwanafunzi wa Masasi ana nafasi ndogo ya kuona kazi ya asili ya Lilanga kuliko mwanafunzi wa Ulaya. Uhuru wa nchi una mambo mengi, na mojawapo ni swali hili: vitu vizuri tulivyotengeneza viko wapi, na nani anavitazama?

Ugonjwa, wanafunzi na mwisho

Miaka yake ya mwisho haikuwa rahisi. Lilanga aliugua kisukari, ugonjwa ambao karibu kila familia katika jumuiya yetu inaujua kwa jina la sukari. Ulimharibu miguu mpaka ikakatwa. Mtu aliyezoea kusimama juu ya gogo la mpingo akawa anafanya kazi amekaa.

Hakuacha. Alizungukwa na vijana, baadhi wa ukoo wake, akiwamo mjukuu wake Hendrick Lilanga, ambaye alijifunza kwake na akawa msanii kwa jina lake mwenyewe. Mzee alichora mistari, akapanga nani akae wapi katika picha, na vijana wakasaidia kujaza rangi na kuchonga. Wako wanunuzi walioona hilo kama kasoro, wakauliza picha hii ni ya Lilanga kweli au ya vijana wake. Jina lilipokuwa kubwa, swali hilo likawa swali la fedha, na kazi za kuiga nazo zikaingia sokoni.

Sisi tunaliona kwa jicho lingine. Fundi wa kwetu hafanyi kazi peke yake. Fundi seremala ana vijana, fundi cherehani ana vijana, mama lishe ana binti anayemenya vitunguu. Kijana hujifunza kwa kusaidia, na mzee hula kwa sababu ana wa kumsaidia. Lilanga mwenyewe alipata kazi mjini kwa sababu ndugu alimshika mkono. Alipokuwa na kitu, naye akawashika wengine mkono. Hilo halimpunguzii usanii. Linalotakiwa ni ukweli tu: anayenunua aambiwe mkono wa mzee uko wapi na mikono ya vijana iko wapi, na vijana walipwe na watajwe.

George Lilanga alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005, akiwa na miaka 71 hivi. Siku hiyo kazi zake zilikuwa zimetundikwa Paris, katika kituo cha Pompidou, kwenye maonesho yale ya Africa Remix. Mwishoni mwa mwaka huohuo mkusanyiko wa Pigozzi ulioneshwa hapa kwetu, katika makumbusho ya sanaa ya Afrika ya Smithsonian, mwendo wa dakika chache kwa treni kutoka Alexandria. Baadhi yetu tulikuwa tayari tunaishi hapa. Tulikuwa kazini, tulikuwa tumechoka, na hakuna aliyetuambia kwamba mtu wa kwetu amekuja.

Tuwafundishe nini watoto?

Tunaomba familia zifanye mambo matatu madogo.

La kwanza, siku ya mapumziko pandeni treni ya mstari wa buluu King Street, mshuke Smithsonian, mwende makumbusho ya sanaa ya Afrika. Kiingilio ni bure. Vinavyotundikwa hubadilika, kwa hiyo hatuahidi kwamba mtamkuta Lilanga ukutani siku hiyo. Lakini mtoto akishazoea kwamba mahali pale pana vitu vya kwao, atakwenda mwenyewe akiwa mkubwa, na hatapitwa kama tulivyopitwa.

La pili, geuzeni kinyago kilichoko sebuleni kwenu. Karibu kila nyumba ya Mtanzania hapa ina kimoja, kilichobebwa kutoka Mwenge kikiwa kimezungushiwa kanga ndani ya sanduku. Tazameni chini yake kama kina jina. Vingi havina. Mtu alikaa wiki nzima juu ya kipande kile cha mpingo, na tumekiweka karibu na televisheni bila kujua aliitwa nani. Mkienda likizo mkanunua kingine, mwulizeni aliyekichonga jina lake na kijiji chake, mwandike kwa kalamu chini ya kinyago. Kazi hiyo mpeni mtoto. Historia ya sanaa yetu itaandikwa na watu wanaouliza swali hilo kwa wakati.

La tatu linawahusu watoto ambao baba au mama yao huondoka usiku na sare ya ulinzi. Mtoto akiulizwa shuleni mzazi wake anafanya kazi gani, wakati mwingine hutazama chini. Mwambieni habari za mlinzi wa Nyumba ya Sanaa. Mwambieni kwamba sare ilieleza jinsi Lilanga alivyopata ugali wa mwezi ule, na haikueleza alichokuwa nacho mikononi. Kisha mwulizeni kama anajua baba yake ana ufundi gani ambao watu wa kazini kwake hawajauona. Huenda anaimba. Huenda anashona. Huenda alikuwa mwalimu wa hesabu Songea. Mtoto akilijua hilo, hatatazama chini tena.

Kwa wasomaji wote, wa Alexandria, Arlington, Silver Spring na kwingineko, tunawatakia sikukuu njema ya Uhuru.